Pampu ya Maji Haifi kwa Uzee

Chini ya puli ya pampu ya maji ya gari kuna kitundu kidogo ambacho wenye magari wengi hawajawahi kukiona. Waliounda pampu walikitoboa makusudi, ili siku sili ya ndani ikichoka maji yatokee hapo nje na mwenye gari ayaone, badala ya kuingia kwenye beringi na kuiua njiani. Tone moja mchangani asubuhi ni taarifa. Ukiishughulikia mapema, kazi ni ya nusu siku uani kwako kwa spana za kawaida. Ukiipuuza, gari litachemsha, hedi itapinda, na hapo utakuwa unaulizia bei ya injini.

Nimefungua pampu nyingi, zangu na za majirani, na nasema bila kusita kwamba huku pwani ni chache zinazokufa kwa uzee. Nyingi huuawa na maji tunayotia kwenye rejeta.

Naishi Saadani, kaskazini ya mdomo wa mto Wami. Kazi yangu ni kununua kamba na samaki kwa wavuvi wetu, kuwapanga kwenye makasha ya barafu na kuwafikisha Bagamoyo, mara nyingine Dar. Gari ni Toyota Probox yenye injini ya 1NZ-FE, ile ile ya lita 1.5 iliyomo kwenye IST, Raum na Corolla nyingi zinazopita barabara zetu. Ufundi nilijifunza VETA Chang'ombe kabla biashara ya kamba haijanichukua. Spana sikuziuza.

Gari hili lina jambo moja ambalo kila anayeliendesha inafaa alijue: halina mshale wa joto. Kwenye dashibodi kuna taa ya buluu inayowaka injini ikiwa baridi, na taa nyekundu inayowaka joto likishapita kiasi. Katikati ya taa hizo mbili dereva haambiwi lolote. Tena taa nyekundu inategemea kihisio kilichozama kwenye maji. Maji yakikauka kabisa, kihisio hubaki kwenye hewa na mvuke, na taa inaweza kuchelewa au isiwake kamwe, huku hedi ya alumini ikiungua. Kwa hiyo siingoji taa. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, nafungua boneti natazama kiwango kwenye chupa ya akiba, kisha nafungua kofia ya rejeta nione maji yenyewe.

Barabara zetu nazo hazina huruma. Ukitoka kijijini kwenda magharibi unapita geti la Mvave, halafu Mkange na Miono hadi Mandera, kilomita 60 hivi, ndipo unaikuta lami ya Chalinze kwenda Segera. Ukienda kusini unavuka Wami na kutokea Makurunge. Njia zote mbili zinakatiza Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, ambako tembo na simba hufika hadi ufukweni. Gari likichemsha humo hushuki ukatafuta kisima. Unafunga vioo, unangoja gari jingine lipite, na nyuma yako barafu inayeyuka juu ya mali uliyonunua kwa mkopo.

Njia ya kutoka huku kwenda bara imewashinda watu tangu zamani. Mwaka 1876 Roger Price wa London Missionary Society alianzia hapa Saadani kujaribu kama ng'ombe wanaweza kufika Mpwapwa, na mwaka uliofuata Alexander Mackay, mhandisi Mskoti wa Church Missionary Society, akafyeka barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi huko huko Mpwapwa. Barabara ilipatikana. Waliokosekana ni ng'ombe, kwa sababu mbung'o waliwamaliza. Huwa namkumbuka Mackay nikiwa chini ya gari, maana alikuwa fundi kwelikweli, na alijua kwamba njia nzuri haimsaidii mtu ambaye kinachokokota kimekufa.

Sasa tuitazame pampu. Petroli ikiungua ndani ya injini, theluthi moja hivi ya nguvu yake haiendi kwenye magurudumu wala kwenye ekzosi. Inaingia kwenye kuta za silinda kama joto, na joto hilo lisipoondolewa chuma kinavimba na kukwama. Kazi ya kuliondoa ni ya maji. Pampu huyasukuma kupita ndani ya bloku na hedi, themostati huyafungulia njia yakifika nyuzi 80 na ushee, nayo yanakwenda kupoa kwenye rejeta na kurudi. Mfumo mzima wa injini hii unachukua karibu lita 5 tu, na gari likiwa mwendoni lita hizo hizo huzunguka tena na tena kila dakika.

Kofia ya rejeta nayo ina sehemu yake. Kofia nyingi za Toyota hizi zimeandikwa 0.9 au 1.1, yaani shinikizo linalozuiwa humo ndani kabla kofia haijafunguka, kwa kilo kwa kila sentimita ya mraba. Kwa 1.1, maji matupu hayachemki mpaka yafike nyuzi 120 hivi, badala ya 100. Pampu inayovuja inapoteza maji, na inapoteza shinikizo hilo pia. Ndiyo sababu gari lenye uvujaji mdogo linaweza kuchemsha ghafla kwenye kilima cha Miono wakati rejeta bado haijakauka.

Ndani, pampu ni mhimili mmoja uliolala kwenye beringi. Kwa nje umefungwa puli inayozungushwa na fani belti, na kwa ndani kisahani chenye mapanga kinachosukuma maji. Kati ya beringi na maji kuna sili, nayo ni pete mbili zilizolazwa uso kwa uso, moja ya kaboni na nyingine ya kauri au kitu kigumu kama kauri. Moja inazunguka na mhimili, nyingine imetulia. Kinachozilainisha ni utando mwembamba mno wa maji yale yale ya kupoozea. Utando ukiwa safi, pete hukaa miaka na miaka. Ukiwa na chembe za chumvi, chokaa au kutu, pete huchoreka mistari, na kwenye mistari hiyo maji hupata njia. Kuanzia hapo ni suala la muda.

Maji yetu ya Saadani yana chumvi. Bahari iko hapo, mashamba ya chumvi yako kaskazini ya kijiji, na visima vingi vinatoa maji ambayo ukiyachemshia chai birika linavaa ganda jeupe na ukiyafulia sabuni haitoi povu. Ganda lile lile linajijenga ndani ya mirija ya rejeta, ambako huwezi kuliona. Chumvi nayo inakula alumini, na bloku ya 1NZ, hedi yake na boma la pampu yake vyote ni alumini. Nimewahi kufungua pampu iliyokunywa maji ya kisima kwa miaka nikakuta mapanga yameliwa hadi nusu. Puli inazunguka, belti ni nzima, hakuna tone chini, na bado gari linachemsha kwa sababu humo ndani hakuna kinachosukuma maji.

Probox yangu niliinunua kwa mtu, na rejeta yake ilikuwa na maji ya rangi ya matope. Niliisafisha, nikatia kulanti, lakini madhara yalikwishafanyika. Mwaka huu masika ilipokuwa inaishia, nikaanza kuona unyevu.

Kuona unyevu si kujua unatoka wapi. Usinunue pampu kwa kukisia. Gari lenye kiyoyozi hudondosha maji, na hayo ni safi, hayanati, na hutoka nyuma ya injini karibu na sakafu ya kabini. Kulanti ina rangi, inateleza kati ya vidole, na ina harufu tamu. Kwenye 1NZ pampu iko ubavuni kwenye mikanda, upande wa kulia wa gari anakokaa dereva. Nilitandaza boksi lililokunjuliwa chini ya gari usiku kucha na asubuhi doa likawa upande huo. Kisha nikafuta injini kwa kitambaa kikavu, nikawasha mpaka ikapata moto, nikazima na kumulika kwa tochi na kioo kidogo cha kujitazamia. Hosi ya juu kavu, hosi ya chini kavu, viungo vya themostati vikavu. Chini ya puli ya pampu kulikuwa na mchirizi wa waridi uliokauka na kuacha unga. Unga ule ni ushahidi mzuri kuliko tone, maana tone husukumwa na upepo wa feni likaangukia mbali.

Siku ya pili nikaifungua belti na kumpa mpwa wangu aitikise puli kwa mkono. Amemaliza kidato cha nne na anataka kwenda VETA, kwa hiyo kila nikishika spana namwita.

"Mamdogo, inacheza," akasema. "Juu na chini, kidogo."

Puli nzima haichezi hata kidogo. Ikicheza, beringi imeanza kwenda, na hapo hakuna tena mjadala wa kungoja mwisho wa mwezi.

Spea niliagiza Gerezani, Kariakoo. Muuza spea hauzi kwa jina la gari peke yake, kwa sababu Probox nyingine zina injini ndogo ya 2NZ. Nilimtumia kwenye WhatsApp picha ya kibati chenye namba ya chesi na aina ya injini, na yeye akanitumia picha ya pampu ndani ya boksi lake. Pampu zipo za aina nyingi. Zipo za Aisin, kampuni ya Japani iliyo katika jamaa ya Toyota, zipo za watengenezaji wengine wa kuaminika, na zipo feki zenye maboksi yaliyochapwa vizuri. Sipendekezi pampu ya mtumba hata kama ni ya Japani. Sili iliyokaa kavu ghalani hujui imekaa muda gani, na kazi ya kuifunga ni ile ile. Nililipa kwa simu, mzigo ukaja na basi la Tanga hadi Mandera, na bodaboda akanifikishia.

Belti nilikuwa nimeirudisha, na kabla ya kufungua lolote tena nililinganisha pampu ya zamani na mpya kwa macho. Ile ya zamani ilikuwa bado kwenye gari, lakini urefu wa mhimili, matundu ya bolti na kimo cha kitako cha puli vinaonekana. Kitako kikipishana hata milimita chache, belti itakwenda upande na kujila. Niliizungusha mpya kwa kidole. Pampu nzuri inazunguka laini huku inashikashika kidogo, kwa sababu sili imebana. Inayozunguka kama feni ya kitoto siifungi.

Kazi tuliianza asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha. Usifungue mfumo wa maji injini ikiwa ya moto, hata kama una haraka ya namna gani. Maji yaliyobanwa kwa nyuzi zaidi ya 100 yakipata upenyo hugeuka mvuke papo hapo, na uso wa mtu ndio uko juu ya kofia. Tulitoa waya wa hasi kwenye betri. Tukalegeza nati za gurudumu la mbele la kulia, tukapiga jeki.

Uani kwetu ni mchanga mtupu. Jeki juu ya mchanga inazama upande mmoja na kulala, nimeona gari la jirani likidondoka hivyo. Tandika ubao mpana na mnene chini ya jeki, na gari likishapanda liweke juu ya stendi iliyokaa kwenye ubao wake, kisha sukuma gurudumu ulilolitoa chini ya kizingiti. Stendi ikiteleza, gari litaangukia gurudumu badala ya mtu. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu vijana wengi wanaingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Gurudumu likitoka, nyuma yake kuna kinga ya plastiki, nayo ukiitoa unaiona mikanda yote uso kwa uso. Tulifungua kizibo cha plastiki chini ya rejeta na kukinga kwa beseni. Kulanti nyingi zimetengenezwa kwa ethaileni glaikoli, nayo ni tamu mdomoni na ni sumu ya figo. Mbuzi, mbwa, kuku na mtoto mdogo wote wataionja. Beseni lilifunikwa palepale.

Hatua inayofuata ndiyo inayowatesa wasioijua. Puli ya pampu imeshikwa kwa bolti tatu. Ukitoa belti kwanza halafu ukageukia bolti hizo, puli itazunguka na spana yako mpaka uchoke. Zilegeze wakati belti bado imekaza, belti yenyewe ikiishika puli. Ndipo ulegeze bolti za alteneta, uisukume iingie ndani, belti ilegee na kutoka. Kisha puli itatoka kwa vidole. Kwenye magari mengine ya injini hii nafasi ni finyu kiasi kwamba injini hutegemezwa kwa jeki na kipande cha mbao chini ya karta, mauntingi ya kulia ikafunguliwa ili injini ishuke au ipande kidogo. Ikibidi hivyo, mbao iwe pana. Karta ni bati, na jeki tupu huitoboa.

Pampu ya 1NZ inashikwa kwa bolti tatu na nati mbili. Mpwa wangu alichora umbo la pampu kwenye boksi, akatoboa matundu, na kila bolti iliyotoka akaichomeka mahali pake. Bolti ndefu ikirudi kwenye tundu la fupi haikazi, na ukiilazimisha unapasua alumini. Pampu ilitoka kwa kugongwa kidogo na mpini wa nyundo wa mti. Maji yaliyobaki kwenye bloku yalimwagika hapo, kwa hiyo beseni la pili liwe tayari.

Wakati mpwa anakwangua uso wa bloku, akapita babu, jirani yetu mvuvi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wanangu. Gari lina nini?"

"Pampu ya maji inavuja, babu. Chumvi imekula sili."

Akanyoosha mkono ufukweni. "Mbona mashine yangu inakunywa bahari mchana kutwa na haifi?"

Swali lake ni la haki, na nimelisikia kwa wengi. Mashine ya boti inavuta maji ya bahari, inayapitisha mara moja, inayatema. Hayakai humo yakachemka na kuzidi ukali. Gari linazungusha lita zile zile mwaka mzima, na kila yakipungua kwa mvuke chumvi inabaki, mtu anaongeza maji ya kisima, chumvi inaongezeka juu ya chumvi. Halafu mashine ya boti imeundwa ikijua itakutana na bahari. Ndani yake kuna vipande vya zinki vilivyowekwa viliwe badala ya mwili wa injini, na mapanga ya pampu yake ni ya mpira, kifaa kinachobadilishwa mara kwa mara. Na babu mwenyewe, akitoka baharini, huizungusha mashine yake kwenye pipa la maji baridi kuosha chumvi.

"Kwa hiyo na mimi naiosha," akasema.

"Unaiosha, babu. Gari halioshwi ndani."

Alikaa kwenye kigoda akatazama hadi mwisho.

Uso wa bloku lazima uwe msafi kama uso wa pampu mpya. Alumini ni laini, kwa hiyo hatukutumia bisibisi wala msasa mkali. Kipande cha mbao ngumu kilichochongwa na kitambaa vilitosha. Mkwaruzo mmoja wa kuvuka uso huo ni mfereji. Kuna mazoea ya kupaka silikoni nene juu ya gasketi mpya kwa kuamini inazidisha usalama. Inayozidi hubanwa ikaingia ndani, hukatika vipande, na vipande huenda kuziba mirija ya rejeta na ya hita. Pampu iliyokuja na gasketi yake inafungwa na gasketi hiyo kavu, basi.

Bolti zinarudi kwa vidole kwanza, zote, halafu zinakazwa kidogo kidogo kwa kupishana. Kipimo cha kiwandani kwa bolti na nati hizi ni nyutonimita 11, nguvu ndogo mno. Asiye na spana ya kipimo ashike spana fupi ya namba 10 karibu na kichwa na kukaza kwa kifundo cha mkono, bila kuutumia mwili. Mpwa wangu ana nguvu za kuvuta nyavu, na hapo nilimwondoa nikakaza mwenyewe.

Puli ikarudi, belti ikarudi. Belti ikionyesha nyufa kwenye mbavu zake, huu ndio wakati wa kuibadilisha. Kwenye kuikaza kuna watu wanaoharibu pampu mpya siku ya kwanza. Ikilegea inateleza na kupiga kelele. Ikikazwa kama uzi wa gitaa inaivuta beringi upande mmoja na kuiua. Bonyeza kwa dole gumba katikati ya sehemu ndefu. Ikishuka karibu sentimita 1, inatosha. Bolti tatu za puli zinamalizwa kukazwa hapo, belti ikiwa imeishika.

Ndipo tukafika kwenye maji, sehemu ambayo kwangu ndiyo kazi yenyewe.

Mfumo uliwahi kunywa maji ya chumvi, kwa hiyo tuliuosha kwa maji ya mvua, tukiyatia na kuyatoa hadi yakatoka meupe. Maji ya mvua ndiyo bora tuliyo nayo hapa, na ni ya bure, ila huku pwani yana masharti. Kati ya masika na vuli, upepo wa baharini unaacha chumvi juu ya bati. Mvua ya kwanza inaosha bati, na maji yake hayafai. Acha yapite, safisha pipa, kinga mvua zinazofuata, chuja kwa kitambaa, funga kwenye dumu safi. Asiye na maji ya mvua anunue yaliyokenekwa, yale ya kuongeza kwenye betri, na ahakikishe dukani hajapewa asidi.

Kulanti wengi huiona kitu cha nchi za theluji. Ni kweli inazuia maji kuganda, jambo ambalo Saadani halitutishi. Tunachokihitaji sisi ni vingine viwili vilivyomo: dawa za kuzuia kutu zinazokaa kama utando juu ya alumini, na kupandisha kiwango cha kuchemka. Rangi isikudanganye, maana hata maji ya bomba yanatiwa rangi. Kopo lisiloandika limetengenezwa kwa nini silinunui. Iliyoandikwa kwamba iko tayari kwa matumizi haichanganywi na maji. Ile nzito huchanganywa nusu kwa nusu. Na usichanganye aina mbili zisizojuana ndani ya rejeta moja, kwa sababu dawa zake zinaweza kugombana na kufanya matope.

Tulimimina polepole huku mpwa anaminyaminya hosi ili hewa itoke. Hita ikawekwa kwenye joto kali. Injini ikawashwa kofia ikiwa wazi, mapovu yakapanda, kiwango kikashuka, tukaongeza. Themostati ilipofunguka hosi ya chini ikapata moto, feni ya rejeta ikawaka na kuzima, na upepo wa hita ukatoka wa moto. Hita ikipuliza baridi wakati injini imeiva, kuna hewa imekwama ndani na kazi haijaisha. Tulifunga kofia, tukajaza chupa ya akiba hadi kwenye alama, na kesho yake injini ilipopoa tukaongeza kidogo tena.

Si kila gari ni la uani. Noah, Ipsum na RAV4 za zamani zenye injini ya 3S-FE, pampu yake inazungushwa na taimingi belti. Kuifikia lazima uvue belti hiyo na kuirudisha alama kwa alama, na hapo mtu asiyejifunza ampelekee fundi. Amwambie vilevile abadilishe belti na pampu kwa pamoja, kwani kazi ya kuzifikia ni moja.

Kulanti ya zamani niliifunga kwenye dumu, nikaandika SUMU kwa rangi nyekundu, na safari ya Bagamoyo niliiacha kwenye gereji inayokusanya na oili chafu. Kwenye gari sasa kuna dumu jingine la lita 5 lenye mchanganyiko uliokwisha kupimwa, belti ya akiba, glavu na tochi. Mpwa wangu ameshaliendesha hadi Makurunge peke yake. Nilimwambia akiona taa nyekundu azime palepale, abaki ndani, na kofia asiiguse mpaka hosi ya juu imepoa kiasi cha kuishika kwa mkono.